Usifunike Miguu Yake

Vumbi la Wamaza halichagui. Linaingia kwenye chungu, kwenye unga, kwenye kope za mbuzi, kwenye nguo nilizofua jana na kuzianua jana hiyohiyo. Mahali pamoja tu lilikuwa halijafika: nyayo zako, Chimène, mwanangu, nyayo ambazo bado hazijakanyaga popote. Kila asubuhi nilizishika, safi, zenye joto, na moyo wangu ukatulia.

Niliambiwa nizishike. Ulizaliwa na mshipa uliobana, ule mkubwa unaotoka moyoni na kushuka kupeleka damu tumboni na miguuni. Ulikuwa hujamaliza hata kukunjua vidole, masista wa misheni wakatupeleka ng'ambo ya ziwa, na daktari akakupasua chini ya kwapa la kushoto. Akakata palipobana, akaunganisha palipobaki. Ulirudi nyumbani na kovu refu kuliko kiganja chako.

Pale niliposhona, alisema daktari, panaweza kubana tena mtoto anapokua. Akanionyesha kinenani, pale mguu unapoanzia, mahali ambapo mshipa hugonga. Nikapapasa, nikapapasa, sikusikia kitu. Vidole vyangu vimeshupazwa na jembe, vinajua muhogo na kuni, havijui jambo dogo namna hiyo. Basi shika miguu, akasema. Mikono ikiwa na joto na miguu ikawa baridi, usingoje.

Nikashika miguu. Ee Chimène, nilishika miguu kama wengine wanavyosali. Kunapambazuka, nashika: ina joto. Nacheka, nakunyonyesha, nachukua jembe, naenda shambani. Ina joto, ina joto, miezi yote ile ina joto.

Jana bibi yako Safia, tunayeishi naye, alikwenda kulala matangani, kijiji cha pili. Leo asubuhi nikashika miguu yako, ikawa baridi.

Mikono yako ilikuwa na joto, na shingo pia. Jasho lilikutoka ukivuta titi, ukaliachia, ukalia bila sauti. Miguu ilikuwa baridi kama chungu kilicholala nje. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Bibi yako, aliyeitwa na majirani, akarudi mbio, kitenge kikimvuka. Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akakaa chini kwenye vumbi.

“Mama Chimène, unisamehe,” akasema. “Kila asubui, mbele ya wewe kuamuka, nilikuwa nabeba mutoto ku moto. Napakaa miguu mafuta ya mawese, napasha, napanguza. Nilikuwa naikuta na baridi, nikawaza ni baridi ya asubui tu. Nilikuwa naona vile unaamuka na woga, unashika miguu, unacheka. Nilikuwa napenda ucheke.”

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Ningemwambia nini? Kwamba alinipenda vibaya? Nilikumbuka asubuhi zile zote, kicheko changu chote kile, na wewe mikononi mwangu ukibanwa kidogo kidogo bila mtu kujua. Niliogopa, Chimène.

Baba yako yuko machimboni Lusangi, ambako simu haishiki. Nikamwita Ramazani, jirani mwenye pikipiki, twende Kasongo, kwenye hospitali. Bibi yako akaifunga miguu yako kwa vitenge viwili. Tulipopita nyumba ya mwisho, nikavifungua. Nilitaka daktari aikute miguu kama ilivyo, isipashwe na mtu yeyote tena.

“Funika miguu ya mutoto!” wakapaza sauti wanawake waliobeba muhogo.

“Mama, funika miguu ya mutoto, vumbi inamumaliza!” akasema mzee mmoja kwenye daraja la magogo, pale tuliposhuka tukasukuma.

Hata Ramazani, mtu asiyependa maneno, aligeuza kichwa. “Mama Chimène, funika.”

“Hapana. Docteur aone.”

Nililia, na vumbi likakauka juu ya machozi. Hakuna mama wa kwetu Kabambare anayesafiri na mtoto miguu wazi. Njia nzima waliniona kichaa. Sawa, nilikuwa kichaa.

Lakini jua, Chimène. Sikulifikiria jua. Likapanda, likatukalia utosini, njia ikawaka kama kikaango, na vumbi la moto likakufunika nyayo, vifundo, mapaja. Mlangoni pa hospitali nikashika miguu yako.

Ina joto.

Joto lilelile nililoliomba kila asubuhi! Sasa nililichukia. Nilitamani mvua, nilitamani barafu, nilitamani kulifuta kwa mikono yangu kama tope. Daktari Dominique, mwanamke mwenye sauti ya chini, akakupokea, na kama nilivyoogopa, akashika miguu.

“Miguu iko muzuri, mama. Iko na joto.”

“Usiamini miguu!” Nilimpigia kelele mtu ambaye hata hatujasalimiana. “Docteur, ile joto ni ya jua! Walimupasua mushipa wa moyo akiwa kichanga. Miguu yake inadanganya. Shika hapa. Tafuta hapa!” Nikakufungua nepi, nikamwonyesha kinena, ambako vumbi lilikuwa limepenya pia.

Akanitazama kidogo, kisha akainama. Akaweka vidole viwili juu ya vumbi lako, akafumba macho. Nje kuna mtu alikuwa anatwanga, na kila pigo la mchi nilidhani ni wewe.

Akachukua kipimo cha presha, akafunga mkono wako, akafunga mguu wako.

“Mushipa umebana tena,” akasema. “Ku mukono damu inapiga kwa nguvu, ku muguu iko kidogo sana. Haujafunga, mama. Lakini hapa hatuna namna ya kuufungua. Inaomba wale wenye walimupasua, kule ng'ambo ya ziwa.”

Akaniambia kuna kifaa chembamba ambacho hupitishwa ndani ya mshipa kuupanua. Akaniambia kuna ndege, ila hajui itapatikana lini. Kabla hajatoka kwenda kupiga simu, akashika kidole changu cha jembe, akakilaza kinenani mwako.

“Usikaze. Ungoje.”

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikangoja. Hakuna kitu. Halafu kitu kidogo kikanigusa, kikaenda zake, na nikadhani ndiyo basi, kimekwenda moja kwa moja. Kikarudi.

Sasa daktari yuko nje na simu yake. Ndege sijui. Umelala, na kati ya pigo na pigo nakufa mimi, nafufuka mimi. Nimeinua kidole kufuta machozi, nimeogopa kupapoteza, kumbe kidole kimeacha alama yake hapo, duara dogo kwenye vumbi jekundu la Wamaza. Nimekirudisha palepale, nawe upo.

Muuguzi amekuja na beseni la maji.

“Umuoshe kila fasi,” nimemwambia. “Hapa usiguse.”