Daftari la Madereva wa Ulaya

Nilifundisha udereva mjini Brno kwa miaka thelathini na minane, na nilipostaafu nilibaki na vitu viwili: vidonda vya tumbo na daftari. Ndani ya daftari hilo niliwapa alama madereva wa Ulaya, nchi kwa nchi, kila tuliposafiri. Kwetu shuleni moja ndiyo alama ya juu na tano ni kufeli. Waitaliano niliwapa nne, kwa kuwa taa ya kuonyesha kona kwao ni pambo tu. Wapoland tatu, maana wanakufuata kwa nyuma mpaka unahisi pumzi zao shingoni. Waslovakia tatu vilevile. Ni ndugu zetu, lakini undugu si leseni. Wajerumani mbili: sheria wanazijua, ila ukiwapa barabara isiyo na kikomo cha mwendo wanapagawa. Waustria nao mbili, na hiyo ni kwa sababu ya kiburi. Sisi Wacheki tulipata moja kasoro kidogo.

"Nyani haoni kundule, Ota," mke wangu Vlasta alizoea kuniambia.

"Mimi ni mwalimu," nilimjibu. "Mwalimu hatahiniwi."

Jumamosi ya pili ya Julai tulikuwa njiani kwenda bahari ya Kroatia, kama kila mwaka, sisi na nusu ya nchi yetu. Mimi na Vlasta tulitangulia. Nyuma yetu alikuwa mwanetu Hynek, peke yake kwenye gari lake, kwa kuwa mkewe angemfuata kwa ndege. Hynek ana miaka thelathini na sita na udereva nilimfundisha mwenyewe. Mapajani mwa Vlasta lilikuwapo boksi la nyama iliyokaangwa na chenga za mkate, maana Mcheki haendi baharini bila boksi hilo. Heri asahau pasipoti.

Kusini ya Vienna, barabara ikiwa na njia tatu kwa upande wetu, taa za breki zikawaka mbele mpaka mwisho wa macho. Foleni. Redio ikasema kuna ajali kilomita tatu mbele.

Sasa, foleni ikianza Austria, magari hayangoji king'ora. Papo hapo yanapasua njia ya gari la wagonjwa. Waliopo njia ya kushoto, ile ya wenye haraka, wanajibana kushoto; wengine wote wanajibana kulia. Kwetu zamani tulipasua kwingine, kati ya njia ya katikati na ile ya kulia, na hivyo ndivyo nilivyofundisha maelfu ya watu. Mwaka mmoja baada ya mimi kustaafu, serikali yetu ikabadilisha ili tuwe sawa na wenzetu. Nilisoma gazetini. Nilijua, na nataka hilo lieleweke. Kichwa kilikuwa na sheria mpya, lakini mikono ilibaki na ya zamani. Nilikuwa njia ya katikati, na mikono ikakata kushoto.

Simu ikalia. Hynek.

"Baba, si tunatakiwa kwenda kulia?"

Hapo ndipo ningeweza kusema, ndiyo mwanangu, nimekosea. Nafasi ilikuwapo bado, gari zima mbele na gari zima nyuma.

"Nani alikufundisha kuendesha?" nikamuuliza.

"Wewe, baba."

"Basi nifuate."

Akanifuata. Nilimwona kwenye kioo akijibana kushoto nyuma yangu, mtiifu kama siku ya mtihani.

Kwenye njia ya kushoto, ubavuni mwangu kabisa, alikuwapo Mwaustria mmoja mwenye masharubu meupe. Kioo chake na changu vilikaribia kubusiana. Akateremsha dirisha.

"Kulia, bwana! Kulia! Umeziba!"

Kijerumani changu ni cha kuagizia bia, lakini hilo nililielewa. "Mimi mwalimu!" nikamwambia. "Mwalimu wa magari!"

"Mwalimu wa magari au wa kuogelea?"

Vlasta akacheka mpaka boksi likatikisika. Nami nikakasirika, na mtu mwenye hasira hataki tena mtu yeyote apite. Mwitaliano mwenye gari la kambi, aliyekuwa njia ya kulia, alipoona nafasi mbele yangu akaanza kuingiza pua. Miaka thelathini na minane nimewaambia wanafunzi: ukisimama kwenye foleni, hakikisha unaona matairi ya gari la mbele yanapogusa lami, ili upate pa kutokea. Lakini nikasema, Mwitaliano hapiti hapa. Nikasogea mpaka bampa langu likabakiza kiganja kimoja kutoka kwenye trela la kulala la Mholanzi aliyekuwa mbele yangu. Hynek naye akasogea nyuma yangu, na basi la watalii likasogea nyuma ya Hynek. Kisha kila kitu kikasimama.

Robo saa ikapita. Joto lilikuwa digrii thelathini na nne. Mlango wangu haukufunguka kwa sababu ya Mwaustria. Mbele sikuwa na pa kwenda, nyuma sikuwa na pa kurudi, na usukani ulikuwa kitu cha kushikia mikono tu. Upande wa Vlasta kulikuwa na uwazi mkubwa mzuri kati yetu na lori la njia ya kulia, njia ileile niliyofundisha maisha yangu yote, ila ilikuwa na urefu wa magari mawili. Haikuanzia popote wala haikuishia popote.

"Mwalimu wangu," Vlasta akasema, "kula basi. Ukishiba utakuwa mtu."

Akafungua boksi, akafungua na kopo lake la soda. Madirisha yalikuwa wazi. Alipokunywa funda la pili alitoa sauti ndogo, akatema mkononi. Alikuwa nyigu.

"Ota," akasema. "Kwenye ulimi."

Vlasta ana mzio wa nyigu. Akiwa na miaka arobaini aliumwa na mmoja tu bustanini kwa dada yake, shingoni, na madaktari walisema dakika kumi zaidi tungemzika. Tangu hapo hatembei bila sindano ya dharura. Nilipekua mkoba wake, nikaipata, nikamchoma pajani. Kisha nikasoma tarehe yake. Ilikuwa imepita kwa miaka miwili. Pembetatu ya tahadhari, vizibao vya njano, balbu za akiba, vyote nilivikagua asubuhi ile kimoja kimoja. Sindano ya mke wangu sikuikagua.

Hynek alitoka kupitia mlango wa kulia, akaja mbio akiwa na simu sikioni. "Wanasema wanatuma gari. Wanasema njia ikiwa wazi ni dakika kumi na mbili."

"Na isipokuwa wazi?"

Aliangalia gari langu, akaangalia lake, akaangalia Mwaustria.

Midomo ya Vlasta ilivimba. Pumzi ikaanza kupiga filimbi. Alinishika mkono na kucha zake zikaniingia, nami nilikuwa nimekaa pale nyuma ya usukani usiogeuka, nikihesabu kwa macho: kiganja kimoja mbele, viganja viwili nyuma. Nilitaka kulia. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga alikuwa ni mimi.

"Usi... usigombe na mtu," Vlasta akasema.

Ndipo king'ora kikasikika. Kilitoka nyuma, kikiongezeka, na nilimshukuru Mungu ambaye simshukuru mara kwa mara. Kwenye kioo niliona magari ya Waustria yamepangika huku na huku, na katikati yake gari la wagonjwa likija kwa kasi kama liko peke yake duniani. Zilikuwa zimepita dakika sita tu. Nikasema, wamewahi.

Likafika kwenye gari la Hynek, likasimama.

King'ora kikaendelea kulia palepale. Mlango ukafunguka, akashuka daktari mwanamke mwenye nywele zilizofungwa kwa rababendi, akaja akigonga mabodi ya magari kwa kiganja. Aliona namba zetu za gari, akaacha Kijerumani. Alikuwa Mslovakia, na lugha zetu zinaelewana.

"Nyinyi Wacheki mmelogwa? Ondoeni haya magari! Kulia! Nani amekaa hivi?"

"Mke wangu, daktari," nikasema. "Ni huyu. Nyigu, kwenye ulimi."

Aliinama dirishani. Sura yake ikabadilika. Akapiga kelele kwa mwenzake, mkoba ukaja, na kwa muda ambao sikuuhesabu niliona migongo yao tu na mkono wa Vlasta uliokuwa umeachia mkono wangu. Nje Mwaustria mwenye masharubu alikuwa ameshika usimamizi. Alimpigia kelele Mholanzi, Mholanzi akawapigia kelele waliokuwa mbele yake, Mwitaliano yuleyule akatoka na kusukuma trela kwa mabega pamoja na Hynek. Hatua moja. Nusu hatua. Mimi nikageuza usukani kidogo, nikarudi kidogo, nikageuza tena, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, huku mke wangu akitundikiwa dripu kwenye kiti cha pembeni. Jasho liliniingia machoni. Hakuna aliyenitukana tena, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Dakika kumi na moja. Hynek ndiye aliyezihesabu.

Vlasta alivuta pumzi moja ndefu, halafu nyingine. Daktari akamgusa shavu, akasema, "Atapona. Gari lenu linakuja, lipo nyuma yetu." Akarudi mbio. Gari la wagonjwa likapita mahali tulipokuwa tumesimama, likaenda mbele na king'ora chake.

Nililitazama likienda bila kuelewa kwa nini linaenda.

Gari letu lilifika baadaye kidogo, likapita moja kwa moja, na jioni ile Vlasta alikuwa amelala kwenye shuka safi katika hospitali ya mji wa karibu, akilalamikia supu. Nilimkuta yule daktari kwenye mashine ya kahawa mwisho wa korido. Nilimshika mikono yote miwili. Nilisema nilichoweza kusema.

"Usinishukuru mimi," akasema. "Sikutumwa kwenu. Njia ingekuwa wazi ningempita mkeo nisimwone, na wenzangu wa nyuma nadhani wasingemwahi."

Nilitaka kuishia hapo. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

"Na yule uliyetumwa kwake?"

Alikoroga kahawa yake ingawa haikuwa na sukari.

"Alikuwa amebanwa na usukani. Wazima moto wanasema alikuwa anazungumza nao vizuri tu, anawauliza kama mbwa wake yuko salama. Aliacha kuzungumza dakika nne kabla hatujafika."

Dakika nne. Mwalimu wa udereva anajua hesabu ya kutoa: gari lake tulilizuia dakika kumi na moja. Nilibaki nimesimama na sarafu zao za senti mkononi, mbele ya mashine ile, mpaka muuguzi akaniomba nipishe.

Sasa tumesharudi nyumbani na Vlasta amekuwa na hadithi. Anaisimulia kwa majirani, anaisimulia kwa dada yake, anaisimulia kila chakula cha mchana cha Jumapili. "Ukaidi wa Ota ndio ulioniokoa," anasema huku akinipigapiga bega. "Dunia nzima imekwenda kulia, mzee wangu kakata kushoto! Angekaa kama Waustria, daktari angenipita vuu! Ningekuwa udongoni." Watu wanacheka, wananimiminia kinywaji. Wanasema mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, basi kumbe Idi ya Ota ilikuwa Julai.

Hynek hacheki. Alisoma habari za ile ajali kwenye simu yake siku ya pili yake. Najua alisoma, kwa sababu alinitazama, kisha akatazama sahani, na tangu hapo hajaniita mwalimu hata kwa utani. Hatujalizungumza. Nikimwambia Vlasta, nitamvunja moyo kila atakapovuta pumzi. Nisipomwambia, nitaisikia hadithi hii mpaka mmoja wetu afe. Na kibaya kuliko vyote, ningerudishwa pale barabarani leo na kuambiwa nichague, ningekata kushoto. Ningekata nikijua.

Jumapili iliyopita Vlasta aliniletea daftari mezani, mbele ya wageni.

"Hujaandika safari hii," akasema. "Andika. Foleni ya Austria, Wacheki: moja kamili. Ondoa ile kasoro yako."

"Nitaandika baadaye."

"Sasa hivi, Ota. Nataka nione kwa macho yangu. Macho haya bado yapo kwa sababu yako."

Hynek aliinuka, akaenda kusimama dirishani. Nilichukua kalamu. Nikaandika moja kamili. Vlasta akaisoma kwa sauti, akanibusu utosini, akaenda kukata keki.