Nywele Tatu za Papa Pontien

Papa Pontien alibaki na nywele tatu kichwani, nazo zilikuwa hazisalimiani. Hata hivyo, kila Jumamosi alikwenda kwa kinyozi Edmond, karibu na gare ya treni ya Kalemie, kunyolewa.

“Sitwayeni Papa,” Edmond akamtania kama anayemwita raia mheshimiwa, “leo nikate nini? Naona masikio tu njo yamerefuka!”

Benchi zima la wateja likacheka. Papa Pontien akaketi upesi kitini, akihofia kurudishwa nyumbani bila kunyolewa. Tangu mkewe azikwe, mikono ya Edmond ndiyo peke yake iliyomgusa, mara moja kwa wiki.

Edmond akamtazama, akaacha mzaha. Akamfunga kitambaa shingoni, akaweka kiganja juu ya kipara, akachezesha mkasi hewani.

“Tulia, Papa. Huku nyuma ziko nyingi.”

Mzee akafumba macho. “Basi polepole, mwanangu. Nyumbani hakuna muntu ananingojea.”