Maswali Yale Yale kwa Liz

Terry alimuuma Angwenyi kifundo cha mkono kabla mlango haujafungwa. Muuguzi huyo alikuwa na kilo tisini na miaka mingi ya kazi katika wodi ya wanaume, lakini msichana wa miaka kumi alimng'ang'ania kwa meno mpaka damu ikadondoka sakafuni. Angwenyi alimbana ukutani kwa bega, akautoa mkono wake polepole, kama mtu anayenasua ndoana.

"Ameanza," akasema Oliver, babake, bila kuinuka kitini. "Si niliwaambia?"

Bathsheba Mosoti, tabibu pekee wa afya ya akili ya watoto katika hospitali ya Homa Bay, aliweka kalamu chini. Alimtazama Terry akipiga teke kabati, meza, paja la muuguzi, kwa uso mtulivu, naye akaihesabu hiyo kuwa dalili. Kisha akamtazama Liz, pacha wake, aliyeketi pembeni karibu na mama yao, mkono wa kushoto ukiwa ndani ya plasta. Terry ndiye aliyeuvunja mkono huo wiki iliyopita, kwa mpini wa jembe.

Oliver alikuwa ametoka Migori asubuhi hiyo, kwenye machimbo ya dhahabu. Alikuwa ameeleza shida yake kwa ufupi: leo hospitali imwambie ugonjwa wa mtoto huyu na impe dawa, au ampeleke kwenye kituo cha maombi ng'ambo ya Rongo. Bathsheba alikijua kituo hicho. Aliwahi kusafisha kidonda cha mtoto aliyetoka huko, kidonda kilichozunguka kifundo cha mguu kama bangili, mahali kamba ilipopita.

Kwa hiyo alihitaji jibu, na alitaka liwe sahihi. Hakuna damu inayopimwa ikaonyesha ghadhabu. Malaria hakuna, kifafa hakuna, kichwa hakijawahi kugongwa. Yaliyobaki ni maneno ya watu wazima na matendo ya mtoto, na mtoto mwenye huzuni hukasirika, aliyepigwa hukasirika, hata mwenye njaa hukasirika. Ukiangalia hasira peke yake hujui umeangalia nini.

Lakini maneno ya watu wazima kuhusu Terry yalilingana. Kule nyumbani Sindo, kando ya ziwa, alikuwa amempiga Liz kwa kasia, wakiwa ufuoni, mpaka ngozi ya kichwa ikapasuka. Alimkwaruza mwalimu uso kwa sababu alimzuia kuingia chooni Liz alipokuwa ndani. Alimrushia nyanya yake sufuria ya uji wa moto. Alimnyonga paka wa jirani. Na jambo lililomshawishi Bathsheba zaidi ya hayo yote: Terry hakuwa analala.

"Halali kabisa, daktari," Benta, mama yao, alikuwa amesema. "Ukiamka usiku unamkuta ameketi kitandani, macho wazi, anamwangalia mwenzake. Mimi naogopa atamuua."

"Na mchana anachoka?"

"Achoke wapi? Si unamwona."

Usingizi mchache, nguvu zisizoisha, hasira inayolipuka. Ugonjwa wenye dalili hizo una jina, ingawa ni nadra kwa mtoto wa umri huo. Terry mwenyewe hakuwa amesema lolote. Kila alipoulizwa sababu alifunga mdomo, na ulipofunguka ulikuwa wa kuuma. Liz alikuwa ameulizwa kama shahidi tu. "Terry hukupiga bila sababu?" Naye akajibu, "Sijui."

"Tutampa sindano sasa atulie," Bathsheba akasema. "Halafu vidonge vya jioni. Atalala usiku kucha."

Terry aliposikia hivyo alijipinda mikononi mwa Angwenyi, akamgonga kidevu kwa kisogo. Jino likalia. Wakaanguka wote wawili, kiti kikavunjika chini yao, na muuguzi akamlalia msichana mgongoni akihema.

"Nzuri," Oliver akasema. "Alale mpaka Krismasi."

"Na Liz?" Benta akauliza.

"Liz si mgonjwa, Mama Terry."

"Sijasema ni mgonjwa. Hawa ni mapacha. Ukimpa huyu, unampa na yule."

Oliver akacheka. "Daktari, mzoee tu. Huyu mwanamke hata pipi ananunua mbili. Huyu mmoja akipata homa, yule mzima anafunikwa blanketi."

"Dawa ya akili si pipi," Bathsheba akasema.

"Basi usimpe dawa. Muulize." Benta alikuwa amesimama, mkoba kifuani. "Yale maswali ulimuuliza Terry, muulize na huyu. Wewe ni mtu wa Kisii, labda kwenu ni sawa. Kwetu nikinunulia mmoja kiatu nikamwacha mwenzake, mamangu ataniuliza nataka nani afe. Sitatoka hapa."

Bathsheba alipima neno hilo. Kubishana kungechukua muda mrefu kuliko maswali. Angwenyi, akiwa bado sakafuni, alimwita mwenzake wa zamu aandae sindano. Bathsheba akavuta kiti mbele ya Liz.

"Unalala vizuri?"

"Ninalala sana." Alijibu kama mtoto anayesomeshwa darasani, mgongo umenyooka. Kila mwalimu alikuwa amemsifu.

"Unakula?"

"Kidogo."

"Vitu ulivyokuwa ukivipenda, bado unavipenda?"

"Nimevigawa."

"Kweli," Benta akasema kwa fahari. "Viatu vyake vya kanisa alimpa binamu. Huyu hana uchoyo."

Bathsheba hakugeuka. Sauti yake haikubadilika, lakini aliuliza swali linalofuata polepole zaidi.

"Umewahi kutamani usiwe hai?"

"Ndiyo."

Nyuma yake, kelele za sakafuni zilikatika. Terry alikuwa ameacha kupigana. Shavu lake lilikuwa kwenye simiti, macho kwa pacha wake.

"Umewahi kujaribu?"

"Ndiyo. Nilienda majini, Terry akanipiga na kasia." Liz aliutazama mkono wake. "Na hapa nilikuwa nimeshika mkebe wa dawa ya kuua kupe wa ng'ombe, nataka kunywa. Nilimwambia akisema kwa mtu nitafanya wakati amelala."

Oliver aliinuka. "Nani amekufundisha hayo maneno?" Akavuka chumba kwa hatua mbili na kumchapa Liz kofi lililomtupa kutoka kwenye kiti. Aliinua mkono tena.

Angwenyi alikuwa amelegeza uzito wake. Terry alichomoka chini yake, akakamata mguu wa kile kiti kilichovunjika, akampiga babake usoni. Sauti ilikuwa ya kuni kavu. Oliver aliangukia kabati, akateleza mpaka chini, na Terry akampanda kifuani, akapiga tena, na tena, bila kupiga kelele, kwa uso ule ule mtulivu ambao Bathsheba alikuwa ameuona na kuuita dalili. Iliwachukua wauguzi wawili kumtoa. Walipomtoa hakuwauma. Alitambaa mpaka alipo Liz, akamshika plasta kwa mikono miwili.

"Rudisha hiyo sindano," Bathsheba akasema.

Benta alikuwa amekaa sakafuni pia, mkoba bado kifuani. Oliver alifuta damu iliyomwingia jichoni.

"Sasa mgonjwa ni nani?"

"Liz analazwa leo. Hatabaki peke yake hata dakika moja."

"Na huyu?"

"Huyu sijui."

"Hujui? Daktari mzima?"

"Mkono, kasia na usingizi nimeelewa. Paka sijaelewa." Alipangusa mikono yake kwa pamba, ingawa haikuwa na damu. "Naye atabaki, mpaka nielewe."

Terry alizungumza kwa mara ya kwanza tangu aingie hospitalini.

"Usiku nani atamwangalia?"

Bathsheba akaonyesha kwa kidole. "Angwenyi ana zamu."

Terry alimkagua muuguzi: kidevu kilichovimba, kifundo kinachovuja. "Huyu nimemshinda."

"Umenishinda wewe," Angwenyi akasema. "Dada yako bado hajanijaribu. Na mimi silali nikiwa zamu, hata uulize wodi nzima."

Alienda kuketi sakafuni upande wa pili wa Liz, mgongo ukutani, miguu imeziba mlango. Terry alimtazama kwa muda. Macho yake yalifumba, yakafumbuka kwa nguvu, yakamkuta muuguzi bado yuko macho, yakafumba tena.

"Na gari la Rongo?" Oliver akauliza. "Nimeshamwambia dereva asubiri."

Bathsheba alikuwa akijaza fomu mbili za kulazwa. Terry alikuwa amelala, mdomo wazi, damu ya babake ikikauka kidevuni, na kidole chake kimoja kikiwa kimeingizwa ndani ya ukingo wa plasta.