Sauti ya Kasuku

Walimwita Kasuku kwa utani wa mapenzi, maana tangu azaliwe binti huyo hajatamka neno. Alisema kwa kishikwambi: anagusa picha ya kikombe, sauti inatoka, "Nataka maji." Picha zote mama yake alizipiga mwenyewe, hata ya tumbo linalouma.

Kila mara kishikwambi kilipouliza kama kisasishwe, mama alibonyeza "baadaye". Moyo ulimkataza tu. Siku wifi yake alipokuja kuwatembelea, kikauliza tena. Shangazi mtu akabonyeza "ndiyo".

"Wifi, nimewatoa ushamba!"

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kilipowaka kiling'aa kweli, lakini programu ya picha ikagoma kufunguka. Kasuku akagusa, akagusa, akaangua kilio. Mama asijue mwanawe analilia nini: njaa, jino, au sauti yake.

Wakakimbilia kwa fundi simu wa mtaani, shangazi nyuma.

"Mama, programu hii ni ya zamani. Walioitengeneza wameshaitupa mkono, na mfumo mpya hauitaki."

"Kwa hiyo mwanangu ndiyo basi tena, bubu?"

"Usinilize na mimi. Picha zake ziko wapi?"

"Kwenye memori kadi. Si wewe uliyenigombeza mpaka nikaziweka?"

"Afadhali niligombeza!"

Fundi huyo hatupi kitu. Akavuta droo, akatoa kishikwambi kilichopasuka pembe, chenye mfumo uleule wa zamani, akakiwekea programu kutoka kwenye nakala aliyokuwa ameitunza. Akachomeka kadi, akazima kusasisha.

"Hiki kisionje intaneti. Kiacheni na uzee wake. Kile kingine nitajaribu kukirudisha nyuma, kiwe cha akiba."

Kasuku akakinyakua. Akagusa picha ya shangazi, ya mkono, na ile ya kukataa.

"Shangazi. Mkono. Hapana."

Fundi alicheka hadi miwani ikamdondoka.

"Nimekoma, bibi wee," shangazi akasema, akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mama akamshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, asante zikamjaa kinywani zisitoke sawasawa. Nawe mwenye mtoto kama huyu, chombo kikikuuliza, usiwe mwepesi wa "ndiyo". Weka nakala, muulize fundi kwanza.

Nyumbani, kabla hata mlango haujafungwa, sauti ikasema, "Nataka maji." Mama na shangazi wakagombania kikombe.