Kusikiliza Gari

Boneti ilikuwa ya moto.

Klementi aliacha kiganja chake pale juu kwa muda, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha akakiondoa na kumtazama mwenye gari. Ilikuwa asubuhi bado, na jua la Mingoyo lilikuwa halijapata nguvu ya kuchoma bati la mtu yeyote. Moto ule ulitoka ndani.

"Umeiwasha mapema, Maftaha."

"Nimeipasha kidogo tu, mzee wangu, isije ikawasumbua." Maftaha alikuwa mfanyabiashara wa korosho, mtu wa maneno matamu na kanzu isiyoshika vumbi. "Gari hii, wallahi, inatembea kama maji."

Mwenye gari zima huliacha lipoe. Injini ikiwa baridi haijui kuficha. Moshi wa bluu, kugonga kwa vyuma vilivyochoka, yote hutoka mara tu inapowashwa, na baada ya hapo gari hujikaza kama mgonjwa mbele ya wageni.

"Tutasubiri ipoe," Klementi akasema.

Jenipher, bintiye, alishusha pumzi kwa uvumilivu. Alikuwa ametoka Mchinga alfajiri. Huko ndiko alikokaa, akinunua samaki na kuwapeleka kuuza Mtama, na kila siku aligombana na makonda waliokataa ndoo zake kwa sababu zinachuruza na kunuka. Kigari hiki kidogo cha zamani, cha aina ambayo vijana huiita bebiwoka, kilikuwa na mlango wa nyuma unaopandishwa juu, na tangu wafike alikuwa ameshaufungua na kuufunga kiasi cha kumchosha mwenye mali.

"Ndoo nne zinaingia hapa, baba. Na barafu juu yake."

"Kwanza tuone kama lenyewe linafika Mtama."

Jenipher alikuwa na akiba yake yote kwenye mkoba, na mkopo wa kikoba juu yake. Hakumleta fundi mwingine. Kwa nini amlete, na baba yake ndiye Klementi wa Mingoyo, ambaye watu walitoka Lindi mjini kumletea magari ayasikilize?

Klementi alifanya kazi yake. Alichuchumaa na kutazama ubavu wa gari kwa pembeni, mwanga ukiteleza juu ya rangi, na palipo na mlango wa nyuma wa kushoto mwanga ukayumba. Alipitisha vidole. Nyundo zilikuwa zimepita hapo, na baada ya nyundo ikapita putti ya kuzibia mabonde.

"Hapa pamenyooshwa."

"Mbuzi wa watu tu, mzee wangu. Mbuzi wa Mingoyo unawajua, hawana adabu."

Alifunua zulia la sakafuni, akanusa, akachimba kwa kucha. Kutu. Gari lililolala karibu na bahari huanza kuoza chini, mahali ambapo mnunuzi hainami. Alifungua kifuniko cha oili na kukitazama kwa ndani: hakukuwa na ule utando mweupe wa maji yaliyochanganyika na oili, na hilo lilikuwa jambo jema. Tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja. Yote haya yalikuwa na dawa. Kilichobaki ndicho kilichomkosesha usingizi tangu Jenipher alipopiga simu na kusema amepata gari.

Kilichobaki kilitaka masikio, na Klementi hakuwa nayo.

Yalimwacha polepole, miaka mingi ya kugonga mabati na kukata vyuma. Mtu akisimama mbele yake na kusema kwa nguvu, nusu aliipata kwa sikio, nusu kwa midomo. Mtu akigeuka, habari imeisha. Aliyejua alikuwa mmoja tu, mkewe Brigita, aliyekaanga mandazi pembeni ya gereji. Klementi alimfundisha sauti zote, beringi inavyovuma, mkanda unavyolia, injini inavyogonga. Gari likiwashwa, alimtazama yeye. Brigita akiendelea kugeuza mandazi, gari ni zima. Akiweka mwiko chini, kuna ugonjwa, na baadaye, kwa kisingizio cha chai, humweleza. Wateja waliwatania. Mzee huyu, walisema, gari la mtu linanguruma yeye anamwangalia mama mandazi! Brigita alicheka mpaka machozi. Raha aliyoipata katika siri ile Klementi hakuiona kwa mke wa mtu mwingine yeyote.

Kisha masika yaliyopita Brigita akaanguka bafuni, nyuma ya nyumba. Presha, walisema hospitali. Tangu siku ile Klementi alipokea breki na pancha tu. Injini alizikataa, akasingizia mgongo.

Angeweza kumwambia binti yake. Mtu kuzeeka masikio si aibu. Lakini Jenipher alipofika msibani alimshika mikono na kumuuliza swali moja: "Hakuita, baba? Wewe si ulikuwa hapo mbele?" Naye alimjibu, "Hakuita." Jibu lile ndilo lililomtuliza mtoto, na ndilo lililomfunga mdomo baba.

Gari lilipoa. Maftaha aliliwasha, moshi mwepesi ukatoka na kupotea. Klementi aliweka ncha za vidole juu ya injini. Ilitetemeka. Injini zote hutetemeka.

"Zungukeni nalo," Maftaha alisema, akashuka na kumwachia Klementi kiti.

Walikwenda uwanja ulio nyuma ya ghala la korosho. Hapo Klementi alikata usukani mpaka mwisho, akaliacha gari lijivute taratibu katika duara. Ndivyo viungo vya ekseli ya mbele vinavyopimwa: kimoja kikiwa kimekufa, hulia kwenye kona. Alizunguka kulia, akazunguka kushoto, huku akiutazama uso wa Jenipher. Uso ule haukumwambia kitu. Ulikuwa umejaa furaha na ndoo nne za samaki.

"Jenipher, unasikia nini?"

Alicheka. "Si wewe ndiye fundi?"

"Nakuuliza. Unasikia nini?"

"Ta-ta-ta hiyo hapo mbele, upande wangu. Inalia kwa nguvu." Akamgeukia. "Ina maana gani?"

"Kiungo kimekwisha," alisema, na moyo ukamtua kidogo. "Nakufundisha tu. Mwenye gari lazima ajue."

Angeweza kuendelea hivyo. Angemsogeza kidogo kidogo, chini kunagongaje, nyuma kunavumaje, mpaka amalize ukaguzi kwa masikio ya mtoto bila mtoto kujua. Alizungusha duara jingine. Jenipher alikuwa ameelekea dirishani, nywele zikipeperuka. Kisha akageuka, na usoni mwake hapakuwa na kicheko tena. Alikuwa anasubiri jibu la kitu.

"Umesemaje?" Klementi aliuliza.

"Nimekuuliza mara tatu." Alimtazama kinywa, kisha masikio. "Baba. Tangu lini?"

Klementi alizima gari. Alijua limezima kwa mikono, usukani ulipoacha kutetemeka.

"Miaka. Mama yako ndiye aliyekuwa ananisikilizia."

Alimwona akianza kuelewa. Alishika dashibodi kwa mikono miwili kama gari bado linakwenda.

"Uliniambia hakuita."

"Aliita." Sauti yake mwenyewe hakuisikia vizuri, hakujua kama anapiga kelele au ananong'ona. "Nilikuwa mbele ya nyumba, nasafisha plagi. Nilipokwenda nyuma, kopo la kuogea lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amelipiga kwenye jiwe, Jenipher. Lilikuwa limebonyea pande zote. Amelipiga muda mrefu."

"Kopo nililoliona lilikuwa zima."

"Nililinyoosha. Kabla hujafika, nilichukua nyundo nikalinyoosha."

Jenipher alifungua mlango, akashuka, akaenda kusimama kwenye ukuta wa ghala, mgongo ukimwelekea. Mabega yake yalitikisika. Klementi alibaki kwenye kiti cha dereva. Alitamani amfuate, na hakujua mtu humfuata mtoto wake kwa maneno gani baada ya hayo.

Waliporudi kwa Maftaha, Klementi ndiye aliyeendesha, na yeye ndiye aliyesema.

"Hatulichukui leo, Maftaha. Kiungo cha mbele kushoto kimekufa, na chini kuna kutu. Injini sijui."

"Hujui vipi, mzee wangu? Wewe?"

"Mimi sisikii. Sisikii tangu zamani. Binti yangu akitaka gari hili, atamleta fundi mwenye masikio."

Maftaha alitazama kanzu yake, akatazama barabara. Alipokea ufunguo kwa mikono miwili, kwa heshima. Hata hivyo, kabla ya adhuhuri Mingoyo nzima ingekuwa imejua, na gereji ile ingebaki na pancha zake mpaka nazo zihame. Klementi alilijua hilo wakati analisema.

Walishika barabara ya lami kurudi nyumbani. Jenipher alitangulia, mkoba ameubana kifuani, hatua zake kubwa za hasira. Klementi alifuata kwa mbali. Hakumlaumu. Alitazama visigino vya binti yake na kufikiri kwamba jioni angepanda gari la Mchinga, na simu zake zingepungua, kwanza kila wiki, halafu kila mwezi.

Alichokiona ni Jenipher akigeuka ghafla, kinywa wazi, mkoba unadondoka. Alikuja mbio kuelekea kwake. Alimkamata shati kifuani na kumvuta kwa nguvu hata wote wawili wakaingia kwenye nyasi, na upepo wa lori ukawapita mgongoni pamoja na vumbi na harufu ya breki. Dereva alikuwa ametoa mkono dirishani, anatukana. Lazima alikuwa amepiga honi muda mrefu.

Jenipher alimpiga baba yake ngumi ya kifua, moja, isiyo na nguvu. Kisha akaenda kuuokota mkoba, akarudi, akamshika mkono wa shati upande wa barabara, akamweka yeye upande wa nyasi.

Waliendelea hivyo. Malori yalipita na kila moja lilipokuja alilijua kwa namna vidole vya Jenipher vilivyokaza shati. Kwa pembeni alimwona akisema kitu, akinyamaza, akisema tena, macho yakiwa mbele kwenye lami. Klementi hakujua kama maneno yale alikuwa akiambiwa yeye, au marehemu Brigita. Hakuuliza. Alipunguza hatua, zilingane na za binti yake.