Behewa Lisilo na Herufi

Jana mchana niliota. Nasema mchana kwa sababu watu wakisikia ndoto hudhani mtu alikuwa kitandani kajifunika gubigubi, na mimi nilikuwa nimekaa wima kwenye treni ya kwenda kwao mchumba wangu, shati jipya limenikaba shingo, bahasha iko mfuko wa kifuani. Ndoto yenyewe haikuzidi dakika ishirini. Lakini kabla ya ndoto lazima nieleze bahasha.

Naitwa Mbaruku Shekilindi, mtu wa Muheza, fundi baiskeli. Chizuru alikuja kwetu kufundisha hesabu, akakaa miaka mitatu, akaondoka anajua kusuta kwa Kiswahili kuliko dada zangu, nami nikamfuata Japani. Huku nimekuta jambo ambalo hakunionya mapema. Watu wanaulizana kundi la damu namna sisi tunavyoulizana habari za nyumbani, na wengi wanaamini kundi ndiyo tabia. A ni mtu wa mpangilio na wasiwasi. O ni mkarimu, mzembe kidogo. B anafuata kichwa chake. AB hata Wajapani wenyewe hawamwelewi. Si wote wanaoamini, ila hata asiyeamini anajua kundi lake.

Wiki yangu ya kwanza kazini bosi aliniuliza, "Shekilindi, kundi gani la damu?"

Nikaweka spana chini, nikafungua kifungo, nikakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. "Nani anaumwa?" nikamuuliza. "Yuko hospitali gani?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa sakafuni. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kwetu hakuna anayekuuliza kundi la damu mpaka kuna mtu amelazwa na ndugu hawajatosha.

Sasa, baba yake Chizuru, Mzee Kumagai, mgane aliyekuwa mkata tiketi stesheni kwa miaka thelathini na minane, anaamini vitu viwili tu: ratiba na makundi ya damu. Binti yake mkubwa aliolewa na mwanamume wa B, akaachwa na mtoto mchanga. Siku hiyo mzee aliapa hakuna B mwingine atakayevua viatu mlangoni kwake. Mimi kundi langu sikuwahi kulijua. Nikapimwa juma lililopita, nikapewa majibu ndani ya bahasha iliyogundishwa.

"Usiifungue," Chizuru alinisihi tulipopanda treni. "Tutaifungua mbele ya baba. Ukiifungua peke yako ukakuta B, utadanganya. Nakujua."

"Na tukiikuta B mbele yake?"

"Jamani, Mbaruku, usiniulize." Akageukia dirishani, na nikaona kwenye kioo kwamba anajizuia kulia. Niliogopa kweli. Kwa ajili ya mwanamke huyu nimejifunza kula asubuhi maharage yao yaliyochachuka, yanayovutika nyuzi. Sikuwa tayari kumkosa kwa sababu ya herufi. Nikafumba macho nifikirie la kusema, na hapo ndipo usingizi uliponipitia.

Bahasha inakohoa.

"Samahani," inasema, "humu mfukoni kuna joto."

"Wewe unajua kilichoandikwa ndani yako?"

"Mimi ni bahasha. Kilichomo ndani hakinihusu."

Naona jibu hilo ni la haki. Chizuru hayupo tena pembeni yangu. Kwenye kiti chake kuna mwavuli wake, umefunga mkanda na unasoma gazeti. Mlango wa behewa unafunguka, anaingia mkagua tiketi. Ni kobe. Kobe wa kijani kibichi, anatembea kwa miguu miwili, kofia nyekundu imemkaa upande, jicho moja amelifumba. Hana mashine ya kutoboa tiketi. Anaing'ata.

"Tiketi."

Nampa. Anang'ata, anatafuna, anatikisa kichwa. "Hii haina kundi. Abiria wote wakae kwenye behewa la damu yao. Tumebakiza stesheni nne."

"Silijui kundi langu, mheshimiwa."

"Basi utajaribiwa," anasema kobe, na wala hakasiriki. Nikamfuata. Alikuwa anakwenda kasi kuliko mimi.

Behewa la A lilikuwa safi mno. Abiria wamevua viatu na wanavipanga mstari, na viatu navyo vinawaomba radhi kwa usumbufu. Mama mmoja wa makamo ananitazama kwa huruma.

"Ulifunga mlango?" ananiuliza.

"Mlango upi?"

"Wa Muheza."

Nikaanza kujipapasa mifukoni kutafuta ufunguo wa nyumba niliyoiacha miaka minne iliyopita. Jasho likanitoka. Kobe aliandika kwenye gamba lake kwa kidole. "Wasiwasi anao," alisema, "lakini kiatu chake cha kushoto kimekaa upande. Siye."

Behewa la O linanukia wali. Kila mtu anampa mwenzake chakula chake, kisha anabaki na njaa, kisha anaomba cha jirani. Wananipokea kwa vigelegele. Mzee mmoja ananikabidhi sahani yake, soksi zake na miwani yake.

"Mnashukia wapi?" nawauliza.

"Tulitakiwa kushuka juzi," anasema kwa furaha. "Sasa na wewe tupe kitu. Tupe huyo mchumba."

"Simtoi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Behewa zima vijiko vinabaki hewani. "Si mkarimu," kobe anaandika. "Siye."

Nikamwambia kobe kwamba hata mtu mkarimu ana mipaka, akasema hayo nimweleze dereva. Tukaingia behewa la B.

Hapo kila kiti kimeelekea upande wake, na behewa lenyewe limeacha reli za wenzake, linapita katikati ya shamba la mpunga kwa sababu limeona huko kuna uzuri. Sikuona mtu mbaya. Kijana mmoja mwenye adabu zote amesimama mlangoni, amebeba begi.

"Nakwenda kidogo, narudi," anawaambia waliokaa, kisha anashuka treni ikiwa mwendoni.

"Husema hivyo kila siku," kobe ananinong'oneza.

Nikataka kucheka, kicheko kikagoma. Maneno hayo nayajua. Ndiyo niliyomwambia mama yangu pale stendi Muheza, begi begani: nakwenda kidogo, mama, narudi. Huu mwaka wa nne. Nikatazama chini, nikaona mguu wangu wa kulia umeshafika mlangoni bila mimi, unapunga upepo wa nje, na unaufurahia. Nikaushika kwa mikono miwili nikaurudisha. Nilipoinua uso, kobe alikuwa ananitazama kwa lile jicho lake moja.

"Usiandike," nikamwomba. "Tafadhali. Nitaoa. Nitarudi kumwona mama. Nitafanya vyote viwili."

Kobe akaandika. Nilijaribu kusoma alichoandika lakini gamba liligeuka likawa saa ya stesheni.

Behewa la AB tulipita haraka. Kila abiria alikuwa ndani ameketi, na papo hapo yuko nje ya dirisha anajipungia mkono. "Hapa kiti kimoja kinahitaji watu wawili," kobe alieleza, "na wewe umekuja peke yako." Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimepanda treni hii na mtu.

"Mabehewa yamekwisha," nikasema. "Nirudishe tu nilikotoka."

"Limebaki moja. Halina herufi."

Anasukuma mlango, na ndani ni ukumbi wa hospitali ya nyumbani, ile benchi ndefu ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu, harufu ya dawa ya sakafu, na juani kuna kuku anayesubiri kama watu wengine. Treni bado inatembea. Taa zinayumba kidogo. Kwenye benchi watu wamekaa mstari, na kila mmoja amekunja mkono wa nguo mpaka juu ya kiwiko. Mwisho wa ukumbi kuna kitanda, na kitandani nimelala mimi, umri wa miaka minane, malaria imenimaliza, nakoroma.

Mama yangu ni wa kwanza kwenye benchi.

"Shikamoo, mama. Mnafanya nini humu?"

"Marahaba. Wameuliza kundi la damu," ananijibu, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Kunja mkono, mwanangu, usizibe njia."

Pembeni yake amekaa Mzee Semkiwa. Lazima niseme Mzee Semkiwa ni nani. Ni jirani yetu, mchoyo ambaye Muheza nzima ilikuwa haijaona mfano wake. Mpera wake aliuzungushia waya. Kisima chake alikitia kufuli, na chumvi haikuvuka kizingiti chake hata siku moja. Lakini mimi nilipolazwa, na damu ya baba na ya mama haikufaa, na wajomba nao ikashindikana, aliyetembea kwa miguu hadi hospitali akakunja mkono alikuwa yeye. Kisha akadai soda yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Ameshika chupa tupu. "Ile soda ilikuwa ya moto."

"Pole, mzee. Wewe ni kundi gani?"

"Aah, waliniambia, nimesahau." Ananyoosha mkono wake mkavu, anautazama. "Ilifaa. Kwani wewe hukupona?"

Nilipona. Nikasimama pale katikati ya ukumbi unaotembea, na nikajisikia mjinga, mtu mzima niliyekesha juma zima nikiogopa herufi wakati damu ya Semkiwa ilishanipitia mwilini na bado chumvi ninagawa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana hakuna aliyekuwa anatazama ila kuku.

Mwisho wa benchi kuna mtu mmoja ambaye hakukunja mkono. Amevaa sare ya reli iliyopigwa pasi, kofia iko magotini. Sijawahi kumwona ila kwenye picha. Ni Mzee Kumagai.

"Kundi gani?" ananiuliza, bila salamu.

Natia mkono mfukoni. "Usinifungulie hapa," bahasha inasema. "Kuna upepo."

Basi nikafanya ninachokijua. Nikafungua kifungo, nikakunja mkono wa shati. "Nani anaumwa?"

Stesheni mbili zinapita.

"Nimewauliza watu kundi la damu miaka hamsini," anasema. "Hilo sijawahi kuulizwa." Anageuza kofia magotini. "Mimi. Jumanne walinitoa chupa tatu ndogo za damu, majibu bado. Usimwambie Chizuru. Ataacha kila kitu."

Nataka kumjibu, lakini kobe anapiga kengele, anapanda juu ya mkono wa mzee, anajikunja mdogo, mdogo zaidi, akawa bapa.

"Mbaruku! Amka, tumefika. Umekoroma hadi wale watoto wamecheka."

Nikafungua macho. Chizuru alikuwa anateremsha mabegi. Mkono wangu wa kushoto wa shati ulikuwa umekunjwa juu ya kiwiko. Nikajiambia nimeukunja mwenyewe usingizini, mambo hayo hutokea, na nikaushusha, nikafunga kifungo vizuri.

Mzee Kumagai alikuwa amesimama barazani pa stesheni, mahali hasa ambapo mlango wetu ulifungukia. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha. Niliinama, naye akainama.

"Mwavuli!" Chizuru akapiga kelele, akarudi ndani mbio.

Tukabaki wawili. Mzee alinyoosha mkono kupokea begi langu, na mkono wa shati lake ukapanda. Ndani ya kiwiko alikuwa na pamba, na juu ya pamba plasta ya watoto. Bila shaka muuguzi aliishiwa za wakubwa. Ilikuwa na picha. Kobe wa kijani, kofia nyekundu imekaa upande, jicho moja amelifumba.

Mzee akaona ninapotazama. Akaushusha mkono wa shati upesi, akasafisha koo.

"Kundi gani la damu?"

Bahasha ilikuwa pale pale kifuani. Niliigusa. Kisha nikaiacha, nikafungua kifungo nilichokuwa nimekifunga dakika moja iliyopita, nikakunja.

"Baba," nikasema, "nani anaumwa?"

Hakucheka. Aliutazama mkono wangu, halafu saa ya stesheni, halafu mkono wangu tena.

"Treni imechelewa nusu dakika," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mimi."

Chizuru akarudi akihema, mwavuli mkononi. Alitutazama, mimi na mkono wangu wazi kwenye baridi, na baba yake aliyekuwa anaukunja wake taratibu, kunjo moja baada ya jingine, mpaka plasta yote ikaonekana.

"Baba! Hiyo ni nini?"

"Kobe," mzee akasema. "Nitakueleza nyumbani." Akanyanyua begi langu kabla sijamzuia. "Na wewe, kwangu viatu vinavuliwa mlangoni."

"Najua, baba."

"Kimoja chako kinakaa upande," akasema, akatangulia. Kundi la damu hakuuliza tena.