Ketsia Ashika Filimbi

Katika genge la wahalifu la Cyprien, filimbi ikilia wasichana wote waliotekwa walilala kifudifudi, hata kwenye matope. Aliyechelewa alichapwa. Ketsia, mmoja wao, alipotoroka, shangazi yake, Mama Émérence, alimpokea nyumbani kwake karibu na Katanika, nje ya mji wa Kalemie, akamtia katika timu yake ya mpira ya wanawake.

Mechi ya kwanza, Ketsia alikuwa anakimbia na mpira karibu na goli. Mwamuzi akapiga filimbi kwa kosa lililotokea nyuma. Ketsia akaanguka kifudifudi, mikono kichwani.

"Wamemuua! Penalti!" watu wakapiga kelele.

Mwamuzi hakuwa ameona vizuri, akatoa penalti. Mama Émérence aliifunga mwenyewe, akacheza ngoma mbele ya wapinzani mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mechi iliyofuata, vilevile. Wapinzani wakasema timu ile ina dawa.

"Mutoto wangu," Mama Émérence akamwambia wakirudi, "ile kuanguka ulijifunza wapi? Ufundishe na wengine!"

Ketsia akamweleza. Mama Émérence akasimama katikati ya barabara. 

"Na miye nilikuwa nacheza ngoma juu ya ile kuanguka," akasema.

Kesho yake alitafuta filimbi, akamtilia Ketsia mkononi. "Upige weye. Tuone nani atalala."

Mara ya kwanza alipoipiga, alilala yeye mwenyewe. Alijizoeza nyuma ya nyumba, kuku wakitawanyika, mpaka kamati ya mtaa ikamkubali kuwa mwamuzi, au arbitre kama walivyoita.

Siku moja, katika mechi ya wanaume, akamkuta Cyprien, aliyekuwa amefungwa na sasa ametoka gerezani, akicheza beki. Cyprien akamvuta mtu jezi mpaka ikachanika. Ketsia akapiga filimbi.

"Weye?" Cyprien akacheka. "Lala chini!"

Mwili mzima ulitaka kulala. Ketsia akashikilia mfuko wake, akatoa kadi nyekundu.

"Toka."

Cyprien akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Kisha sauti ikatoka kwa watazamaji, ya Mama Éliane, mama mzazi wa Cyprien:

"Cyprien! Umeambiwa utoke! Unangoja nikuje?"

Akatoka, sikio likiwa mkononi mwa mama yake.

Dakika chache baadaye Ketsia alikataa goli ambalo hata mbuzi waliliona. Timu, watu, wote wakamzomea.

"Arbitre kipofu!" Mama Émérence alipiga kelele kuwashinda wote.

Ketsia akawa anakimbia huku akicheka, akitukanwa kama mwamuzi yeyote wa Kalemie.